Flashi ya Erasmus

Jioni za Chamazi huingia taratibu. Jua likishajificha nyuma ya nyumba ambazo bado hazijapauliwa, hubaki mwanga wa rangi ya chai ya maziwa, ukatulia juu ya mabati, juu ya kamba za nguo, hata juu ya mbuzi wanaorudi zizini bila mchungaji. Saa hiyo Najat binti Salumu hakuwa mtu wa kutumwa dukani. Ungemtuma chumvi, angerudi mikono mitupu, kwa kuwa njiani ameuona ukuta uliopigwa na mwanga ule, akasimama kuutazama mpaka umezimika. Mama yake alikuwa ameshazoea. Alipotaka chumvi, alikwenda mwenyewe.

Kamera Najat alikuwa nayo. Mjomba wake Suleiman alimpa ile aliyoitumia miaka mingi ofisini kwake, mtumba wa mtumba, ikiwa na lenzi ileile iliyozaliwa nayo. Kitaa chake kidogo cha juu, kile kinachochomoka na kumulika, kilikuwa kimekufa zamani. Mchana alipiga nayo picha nzuri tu: kuku wa jirani, watoto wakiruka kamba, mama akipepeta mchele. Lakini shughuli za Dar es Salaam hufanyika usiku, ndani ya kumbi, na Najat alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba hatatia mguu ukumbini kupiga picha mpaka apate flashi, ile taa kubwa ya kuchomeka juu ya kamera aliyoiona kwa wapiga picha wenye majina. Aliiota akiwa amelala na aliiota akiwa macho. Katika ndoto zake ilimulika mara moja tu, na kila uso uliokuwa gizani ukajitokeza.

Mama Lusungu wa nyumba ya pili alimwomba ampigie picha za kipaimara cha mwanawe. "Sina flashi, mama," Najat alijibu. Walipokuja wa maulidi, jibu likawa lilelile. Wakaja wa kikoba waliokuwa wakivunja mwaka na kugawana akiba, nao wakaondoka na "sina flashi" yao. Mtaa ukachoka, ukambatiza jina: Sinaflashi. Naye aliitika, maana jina la utani ukilikasirikia ndiyo umelipa uraia.

Sasa, siku moja akaja Chausiku. Huyu alikuwa binti wa mama yake mkubwa, dada yake kwa hiyo, na alikuwa mchumba wa watu aliyebakiza siku chache kuolewa. Aliingia bila hodi, akakaa kitandani, akavua viatu.

"Jumamosi nafunuliwa," alisema. "Picha utapiga wewe."

"Dada Chau, mie si unajua sina..."

"Weee! Ishia hapo hapo. Ukilimalizia hilo neno nakuzaba kofi."

Najat akaketi karibu naye. Uso wa Chausiku ukabadilika.

"Nisikilize, mdogo wangu. Nikishaolewa naondoka na mume wangu kwenda Muscat, na kurudi ni majaliwa. Bibi ndiye aliyenilea. Na mie sina picha ya Bibi. Sina hata moja."

Najat naye hakuwa nayo. Bibi Somoe, mama wa mama zao, alikuwa akiishi zamani bondeni karibu na Mto Kizinga. Mvua moja ya masika ikaingiza mto ndani ya nyumba, na sanduku la bati lililokuwa na picha zote za ukoo likakutwa limejaa uji wa karatasi. Tangu siku hiyo Bibi alichukia picha. Ukimwelekezea simu, alijifunika uso kwa upande wa kanga yake haraka kuliko konokono anavyorudi gambani. "Picha ya nini?" angesema. "Si itachukuliwa na maji tena?" Wajukuu walijaribu kumvizia akipika, akisali, akilala. Wapi! Bibi alikuwa na jicho la tatu.

"Sasa dada, kama hataki, mie nitampataje?"

Chausiku akatabasamu. "Somo wangu, wa kunifunda, ni nani? Si ni yeye? Nitafunikwa kanga, na yeye ndiye atakayenifunua. Akiishika ile kanga kuinyanyua, mikono yake yote miwili itakuwa juu. Atajifunika na nini?"

Najat akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Katika ukoo wao mwali hufunuliwa mara moja tu. Kumfunika tena arudie ni kumwitia mkosi. Isitoshe, shughuli yenyewe ilikuwa ya wanawake watupu, na Bibi alikuwa ametangaza kwamba simu zote zitaachwa mlangoni ndani ya beseni, asije mtu akawarusha wake za watu mtandaoni vichwa wazi. Jicho pekee litakaloruhusiwa ndani ni kamera ya Najat, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Ikikosa hiyo, imekosa dunia nzima.

Alikubali. Ila alipokuwa akikubali kwa mdomo, moyo wake ulishakimbilia kwenye flashi. Huko Mbezi Luis alikuwapo mpiga picha wa harusi aitwaye Erasmus, mtu mkarimu aliyemfundisha mambo mawili matatu siku za nyuma. Akamwandikia ujumbe: "Kaka habari za kazi. Naomba uniazime flashi Jumamosi, nina shughuli ya familia." Jibu likaja hata chai haijapoa: "Usijali mdogo wangu, flashi zipo tele hapa. Nakutumia kwa bodaboda, na wala usirudishe."

Usirudishe! Mwenye akili zake zilizotulia angejiuliza ni nani huyo anayegawa flashi kama karanga. Lakini aliyeota jambo muda mrefu hajiulizi linapomjia. Najat alilala siku hizo zote juu ya mawingu.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulikuwa mdogo, umejengwa nyuma ya maduka, na ulipambwa na Atuganile, dada wa Mbeya aliyesifika kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Alikuwa ametundika vitambaa mpaka dari likapotea. Jukwaani aliweka kiti kirefu cha malkia, na pande zote akamulika taa za zambarau. Moshi wa udi ulipita katikati ya taa hizo ukijikunja polepole, na wanawake walioingia na madira yao walionekana kama wanaelea. Najat alisimama mlangoni akasahau kufumba mdomo. Ulikuwa ukumbi wa ndotoni kabisa, na yeye alikuwa anaingoja taa yake tu.

Bodaboda akaja baada ya Magharibi, akampa bahasha, akaondoka. Bahasha ilikuwa nyepesi. Najat akaipapasa, akaichana. Ndani mlikuwa na kijidude chekundu, kidogo kuliko kidole gumba, cha kuchomeka kwenye kompyuta kuhifadhia mafaili.

Ilikuwa flashi. Nani atasema si flashi? Kwetu hapa taa ya kamera ni flashi, na kile kijidude nacho ni flashi, na mtu akiomba flashi bila kufafanua, atapewa ile iliyo rahisi kugawa. Najat alichota simu yake kutoka kwenye beseni, akakimbilia nje.

"Kaka Erasmus, hii flashi..."

"Umeipata? Inaingiza picha nyingi hiyo, wala usihofu."

"Kaka, nilitaka ya kumulika! Ya kwenye kamera!"

Upande wa pili kulisikika matarumbeta.

"Mungu wangu," Erasmus alisema. "Hiyo ninayo mkononi hapa, bibi harusi ndiyo anaingia. Na mie niko Mbezi Luis, Najat. Hata nikipaa sifiki Chamazi. Nisamehe, mdogo wangu."

Kulia hakulia, ila machozi yalimlengalenga. Alirudisha simu kwenye beseni, akanyata mpaka chumba cha nyuma alikofichwa mwali. Chausiku alikuwa ameketi chini, amefunikwa kanga za kisutu gubigubi, haonekani hata ukucha. Najat akapiga magoti, akamweleza yote kwa kunong'ona, na mwisho akasema, "Tutafute mtu mwingine, dada. Mie nitakuharibia."

Kanga ikatikisika kidogo. Sauti ikatoka chini yake. "Huko ukumbini wewe mwenyewe unaona, au huoni?"

"Naona. Lakini kamera si jicho."

"Yenyewe haioni kabisa?"

"Inaona kidogo."

"Basi nenda kapige hicho kidogo. Na uniache, mie hapa nimekatazwa kusema."

Najat akapiga moyo konde. Alirudi ukumbini, na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuutazama kwa ajili ya kushangaa. Alitazama mwanga. Alifungua tundu la lenzi mpaka mwisho wake, akaiongezea kamera ukali wa kuona giza kadiri ilivyoweza kuvumilia, kisha akaanza kuupiga picha mkono wake mwenyewe wa kushoto, uliokuwa na hina mpya ya shughuli. Akaunyosha jukwaani, akapiga: mkono ukatoka zambarau, hina haionekani. Akaunyosha katikati ya ukumbi: mkono ukatoka mweusi. Wanawake walimtazama. "Mwenetu kamwacha mwali, anaupiga picha mkono wake," mmoja alisema, wengine wakacheka.

Akaendelea. Alizunguka ukumbi mzima akiwa ametanguliza kiganja mbele kama aombaye, mpaka akafika kwenye mlango wa jikoni, mahali palipopangwa masufuria ya pilau. Hapo palikuwa na taa ya tyubu, ndefu, nyeupe, ambayo Atuganile hakuweza kuizima kwa sababu wapishi walimkatalia. Ukuta wa pembeni ulikuwa umepakwa chokaa, ukaurudisha mwanga ule kwa upole. Najat akapiga. Kidole kwa kidole, ua kwa ua, hina yote ilikuwapo.

Akajaribu na watu. Walipocheza, walitoka ukungu mtupu, kwa kuwa kamera katika giza hufumba jicho polepole. Alipovuta lenzi kuwasogeza karibu, tundu likajibana na picha ikazama gizani. Basi akaacha kuvuta, akasogea kwa miguu yake. Akaegemea ukuta, akabana viwiko mbavuni, akabana na pumzi. Akagundua kwamba hata mchezaji hodari ana mahali anapotua: kiuno kinakwenda, kinakwenda, kisha kabla ya kurudi kinasimama kidogo. Hapo ndipo alipobonyeza. Nyingi ziliharibika, alizifuta. Chache zilikaa, na hizo chache zilimtia joto.

Ila mwali alikuwa amepangiwa jukwaani, kwenye zambarau. Najat akamfuata Bibi Somoe, aliyekuwa akikaza ngozi ya kigoma chake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo kamera iangalie kwingine."

"Haijawashwa, Bibi. Naomba kuuliza. Mwali wa kwetu anafunuliwa kitini au mkekani?"

"Kitini?" Bibi akainua uso. "Tangu lini? Amekuwa diwani?"

"Basi naomba mkeka utandikwe pale, mlango wa jikoni."

Atuganile alikuwa karibu, akasikia, akaja mbio. "Jamani! Mie nimehangaika na hilo jukwaa tangu asubuhi, halafu mwali mnampeleka kwenye masufuria? Watu watasema Atuganile kapamba jiko! Najat, una nini lakini?"

Wanawake wakageuka. Najat angeweza kutunga uongo wa mila, na pengine ungepita, lakini ulimi ukamkatalia.

"Dada Atu, umepamba vizuri, haki ya Mungu. Ila kamera yangu ni ya zamani, na jukwaani haioni. Pale inaona. Mwali anafunuliwa mara moja tu, na nikikosa nimekosa."

Bibi Somoe alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akalitazama jukwaa, akakunja uso. "Hata mie hapo sioni. Hizi taa za rangi ya biringanya zinanipa kizunguzungu tangu nimeingia. Atu mwanangu, hicho kiti tutamkalisha akishafunuliwa, wala hakikimbii. Leteni mkeka."

Mkeka ukatandikwa. Mwali akaletwa amefunikwa, akiongozwa kwa mkono, akaketishwa chini ya tyubu. Bibi akaanza kupiga kigoma, polepole, na wanawake wakaitikia. Ulikuwa wimbo wa ukoo wao, ambao Najat aliusikia tangu alipokuwa akisinzia mapajani mwa Bibi huyo huyo, na alijua kwamba kila ubeti uliishia kwenye kituo, mahali ambapo kigoma hunyamaza na watu wote hushika pumzi kabla ya kuitikia tena. Alijua pia kwamba mwali hafunuliwi ndani ya wimbo. Hufunuliwa ndani ya kituo.

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, viwiko juu ya magoti. Ubeti ukapita. Moshi wa udi ulikuwa umefika mpaka huku, ukachanganyika na mvuke wa pilau, na sauti zile zikawa zinakuja kutoka mbali sana, kutoka bondeni Kizinga, kutoka nyumba iliyokuwa haijaingiwa na mto. Najat hakujua tena kama yuko macho. Ubeti mwingine ukapita. Alihisi kidole chake tu, na baridi ya kitufe chini yake. Bibi akaweka kigoma chini, akamkaribia mwali, mwanamke mwingine akakidaka kigoma na kuendelea. Ubeti ukafika mwisho. Kimya.

Bibi Somoe akaishika kanga kwa mikono miwili, akainyanyua.

Mwanga ukapita kwenye weupe wa kisutu, ukamwagika juu ya uso wa Chausiku. Mwali hutakiwa kutazama chini. Chausiku alitazama juu. Bibi, mikono yake angani, hakuwa na pa kukimbilia, na wala hakuonekana kutaka kukimbia. Alimtazama mjukuu aliyemlea, na uso wake mkali ukalegea, midomo ikafunguka kidogo. Hakuna aliyetikisika. Najat akabonyeza, akasikia jicho la kamera likifumba polepole na kufumbua. Akabonyeza tena. Kisha vigelegele vikapasua dari, na kila mtu akawa ukungu.

Alipopata nafasi, akatazama kioo cha kamera. Ya kwanza ilikuwa imetikisika. Akaenda ya pili. Ilikuwa imetulia. Ilikuwa na chembechembe kila mahali kama iliyonyunyiziwa sembe, na pembeni palionekana mpini wa mwiko wa pilau. Lakini Chausiku alikuwapo, na Bibi Somoe alikuwapo, mzima, hana kanga usoni.

"Lete hiyo."

Najat akageuka. Bibi alikuwa nyuma yake, na Chausiku nyuma ya Bibi.

"Umenipiga."

"Ndiyo, Bibi."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Bibi. Ukisema nifute, naifuta sasa hivi, haki ya Mungu." Na kweli alishaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Chausiku akafumba macho.

Bibi akaichukua kamera, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akatafuta umbali unaoyafaa macho yake. Wanawake waliokuja kushangilia wakasogea mmoja mmoja.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

"Ni wewe, Bibi," Najat akasema taratibu.

"Najua ni mie, sijapofuka. Lakini ni mama. Siku aliponifunua alinitazama hivi hivi." Akaigusa picha kwa kidole. "Nilikuwa nimeshaipoteza sura yake, wanangu. Maji yalichukua picha yake, nikabaki namtafuta usiku na mchana simpati. Kumbe nilikuwa naye huku usoni kwangu, na nilikuwa namfunika kwa kanga."

Akaanza kulia waziwazi, mtu mzima yule, bila kujificha. Chausiku akamkumbatia kutoka nyuma, wala hakuijali tena hina yake. Hata Atuganile alijifuta machozi kwa kitambaa cha mapambo.

"Usifute," Bibi alimwambia Najat, akimrudishia kamera kwa mikono miwili, kama arudishaye mtoto. "Nipige tena. Safari hii nipige ninavyojua kuwa napigwa."

Akaketi mkekani chini ya tyubu, akaitengeneza kanga yake mabegani, akaacha uso wazi. Najat akapiga magoti mbele yake, akabana viwiko, akashika pumzi. Nami niongeze nini? Shamba limelimwa, na jembe lenyewe mmeliona: kuukuu, halina taa, lina lenzi ya kuzaliwa nayo. Waliotangulia walishakata hukumu: mchagua jembe si mkulima.